Sumaku Isiyozimwa: Chuma, Vipandikizi na Usalama wa Mgonjwa katika Kipimo cha MRI

Mwezi Julai mwaka 2025, katika kituo kimoja cha vipimo huko Westbury, jimbo la New York nchini Marekani, mwanamume mwenye umri wa miaka 61 aliingia katika chumba cha mashine ya MRI ili amsaidie mkewe kunyanyuka baada ya kupigwa picha ya goti. Shingoni alikuwa amevaa mnyororo wa chuma wa kufanyia mazoezi, wenye uzito wa takribani kilo 9. Alipoikaribia mashine, sumaku iliunasa mnyororo ule na kumvuta pamoja nao. Alifariki dunia siku iliyofuata.

Msiba huo haukuwa wa kwanza. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo hilohilo, mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelazwa kwenye mashine alipoteza maisha baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kuruka na kumpiga kichwani. Januari 2018, jijini Mumbai, India, kijana wa miaka 32 aliyemsindikiza jamaa yake mgonjwa aliingia akiwa amebeba mtungi wa oksijeni. Alivutwa pamoja na mtungi huo, naye akafariki. Mwaka 2021, mgonjwa nchini Korea Kusini aliuawa kwa namna kama hiyo.

Katika matukio yote manne kilichoua hakikuwa ugonjwa, wala mashine haikuwa imeharibika. Ilifanya kazi yake kama ilivyoundwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukizuia chuma mlangoni.

Kipimo cha MRI kimeanza kuwafikia wakazi wengi zaidi wa Afrika Mashariki na nchi za Maziwa Makuu, na wagonjwa husafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine, pengine kuvuka mpaka, ili wakipate. Makala haya yanaeleza jinsi sumaku ya mashine hiyo inavyofanya kazi, chuma kipi ni hatari na kipi si hatari, na mambo ambayo mgonjwa na msindikizaji wake wanapaswa kuyasema kabla ya kuingia.

Sumaku inayofanya kazi usiku na mchana

Tofauti na eksirei na sitiskani, MRI haitumii mionzi inayoweza kudhuru chembe hai za mwili. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi ya redio. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Sumaku huzipanga punje ndogo za haidrojeni katika mwelekeo mmoja, mawimbi ya redio huzitikisa, nazo zinaporudi katika hali yake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha ya ubongo, uti wa mgongo, moyo au viungo. Paul Lauterbur wa Marekani, ambaye mwaka 1973 alionyesha jinsi ya kupata picha kwa njia hiyo, na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kipimo kiitwacho tesla. Sumaku ya dunia, ile inayoielekeza dira ya nahodha baharini, haifiki hata sehemu moja kati ya elfu kumi ya tesla. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Kwa hiyo hata ile ya tesla 1.5 inaishinda sumaku ya dunia kwa zaidi ya mara 20,000.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumaku hiyo haizimwi. Ndani ya mashine kuna nyaya zilizozamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo umeme huzunguka ndani ya nyaya bila kupungua na bila kuhitaji kuongezwa. Taa za chumba zinaweza kuwa zimezimwa, mashine ikawa kimya, kitanda kikawa kitupu, na mafundi wakawa wamekwenda kulala. Sumaku inaendelea kuvuta. Hata umeme wa mji mzima ukikatika, sumaku haikatiki. Dhana kwamba mashine isiyotoa sauti ni mashine iliyozimwa ni miongoni mwa makosa hatari kuliko yote katika chumba hicho.

Zipo mashine zenye nguvu ndogo zaidi. Ile iliyofungwa mwaka 2008 katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ilikuwa ya tesla 0.35, na picha zake ziliwawezesha watafiti kueleza mwaka 2015 jinsi malaria inayopanda kichwani inavyovimbisha ubongo wa mtoto. Siku hizi kuna hata mashine ndogo za kusukumwa kwa magurudumu hadi kitandani kwa mgonjwa, zenye nguvu ya tesla 0.064. Mvuto wa mashine hizo ni mdogo, lakini nazo ni sumaku, na maswali kuhusu chuma huulizwa vilevile.

Hatari nne zinazotokana na chuma

Hatari ya kwanza ni kuvutwa. Chuma kinachonaswa na sumaku hugeuka kombora. Mkasi, funguo, ndoo ya mfagizi, kiti cha magurudumu, mtungi wa kuzimia moto: vyote vimewahi kuruka kuelekea mdomo wa mashine. Mvuto huu una hila yake. Hauongezeki polepole kadiri mtu anavyosogea, bali hupanda ghafla karibu na mashine. Anayeingia na kitu cha chuma mkononi huenda asihisi lolote mlangoni, akahisi kidogo katikati ya chumba, na hatua moja mbele akawa hana tena uwezo wa kukishikilia.

Hatari ya pili ni kugeuzwa. Kipande cha chuma chenye umbo refu hutaka kujipanga katika mwelekeo wa sumaku, kama sindano ya dira. Kikiwa mezani kitazunguka tu. Kikiwa ndani ya jicho au kando ya mshipa wa damu wa ubongo, kuzunguka kwa milimita chache kunatosha kuleta upofu au kifo.

Hatari ya tatu ni kuungua. Mawimbi ya redio ya mashine ya tesla 1.5 yana masafa ya takribani megahezi 64, na ya tesla 3 takribani megahezi 128. Matangazo ya FM ambayo wasikilizaji huyapata redioni yako kati ya megahezi 88 na 108, kwa hiyo mawimbi hayo ni jirani zake, isipokuwa nguvu yake humwelekea mtu aliye hatua sifuri kutoka kwenye mtambo. Waya mrefu ulio mwilini hupokea mawimbi hayo kama antena ya redio, nao hupata joto, hasa kwenye ncha. Hapa haijalishi kama metali inavutwa na sumaku au la. Shaba na alumini havivutwi, lakini vinapitisha umeme na vinaweza kuunguza. Katika taarifa za madhara ya MRI zinazofikishwa kwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, majeraha ya kuungua ndiyo yanayoongoza kwa wingi.

Hatari ya nne ni kuvurugika kwa vifaa vinavyotumia umeme ndani ya mwili. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, pampu ya dawa au kifaa cha kuchochea neva kinaweza kubadilisha utendaji wake, kusimama, au kutoa mkupuo wa umeme usiohitajika.

Chuma na chuma si sawa

Katika mazungumzo ya kila siku, kila metali ngumu huitwa chuma. Sumaku haizichukulii zote sawa. Zinazovutwa kwa nguvu ni chuma chenyewe, nikeli na kobalti, pamoja na michanganyiko yake mingi. Dhahabu, fedha, shaba, alumini na titani hazivutwi kwa namna ya kutia hofu.

Chuma kisichoshika kutu kina tabia mbili. Vijiko viwili vya jikoni vinavyofanana kwa mng'aro vinaweza kutofautiana: kimoja kikashikwa na sumaku, kingine kisishikwe. Yote hutegemea mchanganyiko na jinsi kilivyofuliwa. Vipandikizi vingi vya mifupa hutengenezwa kwa aina ya chuma cha pua ambayo haivutwi kwa urahisi, au kwa titani. Vingine ni mchanganyiko wa kobalti na kromi ambao, ingawa una kobalti ndani yake, hauvutwi kama kobalti tupu.

Kwa sababu hiyo, kupitisha sumaku ndogo juu ya kovu nyumbani na kuona kwamba haikushika si uthibitisho wa usalama. Sumaku ya mlango wa jokofu ni dhaifu mno ikilinganishwa na ya mashine, na haiwezi kuonyesha hatari ya kuungua wala ya kuvurugika kwa kifaa. Kinachohitajika ni jina la kifaa, mtengenezaji wake na namba ya aina yake.

Alama tatu zinazotumika duniani

Tangu mwaka 2005, kiwango kilichotolewa na shirika la ASTM International kimevigawa vifaa katika makundi matatu, kila kundi na alama yake. Mraba wa kijani huonyesha kifaa salama katika mazingira yote ya MRI. Hivi ni vifaa visivyo na metali kabisa, kama vile vya plastiki au kioo. Pembetatu ya njano huonyesha kifaa salama kwa masharti. Duara jekundu lenye mstari uliokatiza huonyesha kifaa kisichoruhusiwa.

Vipandikizi vingi vya metali viko katika kundi la njano, na hapo ndipo makosa hutokea. Neno «masharti» lina uzito wake. Kipandikizi kilichopimwa na kuonekana salama katika tesla 1.5 hakiwi salama katika tesla 3 kwa sababu tu kilipita mara ya kwanza. Masharti yanaweza kutaja nguvu ya sumaku, kiasi cha nishati ya mawimbi ya redio, sehemu ya mwili inayopigwa picha, na muda wa kipimo. Mgonjwa aliyewahi kupimwa bila tatizo katika hospitali moja anapaswa kuulizwa upya katika hospitali nyingine, naye hana sababu ya kuona kero.

Vipandikizi na hali yake

Vyuma vya mifupa. Sahani, skrubu, misumari ya ndani ya mfupa, nyonga na magoti bandia ndivyo vinavyoulizwa zaidi, kwa kuwa ajali za pikipiki zimewaacha vijana wengi wa eneo hili na vyuma miguuni. Kwa kawaida vipandikizi vya aina hii havizuii kipimo: vimefungwa imara katika mfupa na havivutwi kwa nguvu. Athari yake kubwa ni kuharibu picha, kwani chuma huacha doa jeusi linalofunika kilicho karibu nacho. Vyuma vya nje, vinavyotoboa ngozi na kushikwa kwa fremu, ni habari nyingine. Baadhi ya vibanio vyake hunaswa na sumaku, na fremu yenyewe inaweza kupata joto. Hivyo huchunguzwa kimoja kimoja.

Stenti na vali za moyo. Zamani wagonjwa waliowekewa stenti katika mishipa ya moyo waliambiwa wasubiri wiki 6 hadi 8. Tamko la Shirika la Moyo la Marekani la mwaka 2007 lilieleza kwamba stenti zisizovutwa na sumaku, ambazo ndizo nyingi, zinaweza kupimwa wakati wowote baada ya kuwekwa, kwa mashine isiyozidi tesla 3. Vali bandia za moyo nazo kwa sehemu kubwa hazizuii kipimo.

Vifaa vya mapigo ya moyo. Kwa miaka mingi mwenye kifaa hiki alikatazwa MRI moja kwa moja. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha cha kwanza kilichoundwa kustahimili kipimo kwa masharti, na tangu hapo aina nyingi zimefuata. Hata hivyo kifaa hicho lazima kipangwe upya na mtaalamu wa moyo kabla ya kipimo, mgonjwa afuatiliwe mapigo yake muda wote, kisha kifaa kirudishwe katika mpangilio wa awali. Nyaya zinazotoka kwenye kifaa kwenda moyoni nazo huhesabiwa: kifaa kipya kilichounganishwa na nyaya za zamani hakihesabiki kuwa cha masharti, na nyaya zilizoachwa mwilini baada ya kifaa kuondolewa zinaweza kupata joto kwenye ncha. Wagonjwa waliowekewa vifaa hivi ng'ambo, au waliopewa vilivyotolewa kwa msaada, wanahitaji zaidi ya wengine kujua wamebeba nini.

Vibanio vya mishipa ya ubongo. Hivi huwekwa kuziba shingo ya mshipa uliovimba. Vya zamani vilitengenezwa kwa chuma kinachovutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mgonjwa mmoja alifariki katika chumba cha MRI baada ya kibanio chake, kilichodhaniwa kuwa cha aina salama, kugeuka na kuchana mshipa. Tangu hapo kanuni ni moja: bila maandishi ya aina ya kibanio, hakuna kipimo. Maneno ya mdomo hayatoshi, hata yakiwa ya daktari.

Vipandikizi vya masikio. Kipandikizi cha usikivu kina sumaku yake chini ya ngozi. Baadhi huruhusu kipimo kwa masharti, vingine huhitaji kufungwa bandeji maalumu, na vingine huhitaji sumaku hiyo iondolewe kwanza kwa upasuaji mdogo. Kifaa cha kusaidia usikivu kinachovaliwa nje huvuliwa kabla ya kuingia.

Mipira ya kupunguza maji ya kichwani. Ile ya kawaida haina tatizo. Ile inayorekebishwa kwa sumaku kutoka nje ya kichwa inaweza kubadilika mpangilio wakati wa kipimo, na lazima ikaguliwe mara baada ya hapo. Mzazi wa mtoto mwenye mpira huo anapaswa kujua ni wa aina ipi.

Uzazi wa mpango. Kitanzi cha shaba hakivutwi na sumaku, na kwa kawaida hakizuii kipimo katika mashine za tesla 1.5 na 3. Vijiti vinavyowekwa mkononi ni vya plastiki. Pamoja na hayo, vyote vitajwe.

Meno na sukari. Meno yaliyozibwa hayana shida isipokuwa kuharibu picha ya uso. Meno bandia yanayotolewa hutolewa. Pampu za insulini na vipima sukari vinavyobandikwa mwilini huondolewa, isipokuwa pale mtengenezaji alipoandika vinginevyo.

Risasi, vipande vya mabomu na cheche za karakana

Katika eneo lililopitia vita, kuna watu wanaoishi na chuma ambacho hakuna daktari aliyekiweka. Wengine walipigwa risasi wakiwa watoto, jeraha likapona, wakasahau. Wengine wanakumbuka vizuri sana, lakini hawataki kusema walikuwa wapi siku hiyo.

Risasi za risasi, yaani za ile metali nzito laini, zilizofunikwa kwa shaba, hazivutwi na sumaku. Lakini risasi nyingi za kijeshi zina kiini cha chuma, na vipande vya mabomu na maguruneti kwa kawaida ni chuma. Uamuzi hutegemea mambo mawili: kipande ni cha nini, na kiko wapi. Kipande kilichokaa miaka 20 ndani ya paja, kikazungukwa na kovu gumu, ni tofauti na kilicho kando ya uti wa mgongo, ubongo, jicho au mshipa mkubwa wa damu. Eksirei ya kawaida huonyesha mahali kilipo, na mara nyingi inatosha kumsaidia daktari kuamua, au kumwelekeza mgonjwa kwenye sitiskani badala ya MRI. Anayeuliza swali hili hospitalini hafanyi uchunguzi wa polisi. Anatafuta chuma, na hahitaji kujua nani alikirusha.

Jicho ndilo lenye historia ndefu zaidi. Mwaka 1986 jarida la kitaalamu la Marekani liliripoti kisa cha mtu aliyewahi kufanya kazi ya mabati ambaye, bila yeye kujua, alikuwa na chembe ya chuma ndani ya jicho. Baada ya MRI, chembe ilisogea, jicho likavuja damu, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Tangu hapo kila anayepimwa huulizwa kama amewahi kuchomelea, kusaga au kukata chuma, na kama kitu kimewahi kumwingia jichoni. Kwa fundi wa kuchomelea mageti, wa kunoa mapanga au wa gereji, anayefanya kazi bila miwani ya kinga, swali hili si la kupita. Jibu likiwa ndiyo, eksirei ya macho hupigwa kwanza.

Mavazi, mapambo na mwili wenyewe

Vitu vidogo ndivyo vinavyosahaulika: pini za hijabu, vibanio vya nywele, wigi zenye vishikizi vya chuma, sidiria zenye waya, mikanda, saa, simu, kadi za benki, na sarafu zilizofundikwa kwenye pindo la khanga. Hirizi iliyofungwa ndani ya kibati, bangili, vikuku na shanga za kiunoni zenye viungo vya metali nazo huvuliwa. Pete ya ndoa isiyotoka hutajwa, nayo huangaliwa na mtaalamu. Vitambaa vya michezo vyenye nyuzi za fedha vimewahi kuwaunguza watu. Plasta za dawa za kubandika, kama zile za kuzuia kuvuta sigara, nyingine zina utando mwembamba wa alumini mgongoni. Mgonjwa aulize kama atoe kabla ya kipimo.

Tatuu na vipodozi vya macho vinaweza kuwa na oksidi ya chuma. Hatari yake imetajwa sana kuliko inavyotokea: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu 330 wenye tatuu 932, na mmoja tu alipata athari ndogo iliyohusishwa moja kwa moja na tatuu yake. Maskara na wanja hufutwa hata hivyo, kwa kuwa kufuta ni rahisi. Hina ya majani haina shida.

Mwili wenyewe unaweza kuwa waya. Mikono ikishikana juu ya tumbo, au miguu ikipishana, umeme hupata njia ya mzunguko, na ngozi inapogusana na ngozi inaweza kuungua. Ndiyo maana wahudumu huweka mito midogo kati ya mapaja na kumwambia mgonjwa asikutanishe mikono. Anayehisi joto mahali fulani abonyeze kitufe cha kuita alichopewa. Hakuna picha inayostahili kuvumiliwa kwa kuungua.

Lugha ya fomu

Kinga kubwa kuliko zote ni karatasi. Kabla ya kipimo kila mgonjwa, na kila msindikizaji atakayeingia naye, hujaza fomu ya maswali. Katika hospitali nyingi za eneo hili fomu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na mgonjwa anayezungumza Kiswahili husomewa haraka na aliye karibu. Hapo hatari huingia kwa mlango wa maneno.

Akiulizwa «Je, una kipandikizi?», mwanamke anaweza kufikiria vijiti vya uzazi wa mpango peke yake na kujibu hapana, huku goti lake likiwa na skrubu sita. Akiulizwa «Una chuma mwilini?», mwenye sahani ya titani hujibu hapana kwa sababu aliambiwa si chuma. Nchini Tanzania wengi huvijua vyuma vya mguu kwa jina la antena, na hawatautambua mguu wao katika neno lingine lolote. Swali bora huuliza juu ya tukio, si juu ya kitu: «Umewahi kupasuliwa? Lini, na sehemu gani? Umewahi kuvunjika? Kupigwa risasi? Kitu kuingia jichoni?» Kovu linaonekana, na linaweza kuulizwa.

Mkalimani naye ni sehemu ya usalama. Mama anayetafsiriwa na mtoto wake wa kiume hatakitaja kitanzi. Mke anayetafsiriwa na mumewe huenda asitaje upasuaji ambao mume hakuujua. Mgonjwa ana haki ya kuomba aulizwe faraghani, na mhudumu mwenye busara humpa nafasi hiyo bila kuombwa.

Mlango na dharura

Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2002, ambayo imeigwa sehemu nyingi, huligawa eneo la MRI katika kanda nne: ya kwanza wazi kwa wote, ya pili ya kupokea na kuuliza maswali, ya tatu ya kuingia kwa ruhusa, na ya nne ni chumba cha sumaku chenyewe. Hakuna anayeingia kanda ya nne bila kuonwa na mhudumu aliyefundishwa. Kanuni hiyo humhusu daktari, mfagizi, askari wa zimamoto na jamaa wa mgonjwa kwa usawa. Vifo vilivyotajwa mwanzoni vilitokea pale mtu aliyetaka kusaidia alipouvuka mlango na chuma.

Mgonjwa akizimia ndani, hatolewi huduma ya kumfufua hapohapo. Huvutwa kwanza nje ya chumba, kisha vifaa huletwa alipo. Mitungi ya oksijeni na vitanda vya kawaida havimfuati ndani kwa hali yoyote.

Iwapo mtu amebanwa na chuma kwenye mashine, upo uwezekano wa kuizima sumaku kwa dharura. Heliamu huachiwa ichemke, nayo hutanuka zaidi ya mara 700 inapogeuka gesi na kutolewa nje kwa bomba. Bomba likiziba, gesi hujaa chumbani na kuondoa hewa ya kupumua. Kuirudisha mashine kazini huchukua siku kadhaa na gharama kubwa, ndiyo maana kitufe hicho hubonyezwa kwa ajili ya uhai wa mtu, si kwa kiti kilichonaswa.

Mambo ya kuandaa kabla ya siku ya kipimo

• Kadi ya kipandikizi iliyotolewa baada ya upasuaji, au nakala yake. Aliyepasuliwa nje ya nchi aombe karatasi hiyo kabla ya kuondoka huko, na picha yake ibaki katika simu ya mtu wa nyumbani.

• Orodha ya pasuaji zote, hata za utotoni, pamoja na mwaka na hospitali.

• Picha za zamani za eksirei au sitiskani. Kipandikizi ambacho mgonjwa hakijui mara nyingi huonekana humo.

• Taarifa ya majeraha ya risasi, mabomu au chembe za chuma machoni, hata kama ni ya miaka mingi.

• Nguo nyepesi za pamba, bila vito, pini wala hirizi. Vya thamani viachwe nyumbani.

• Msindikizaji anayejua historia ya mgonjwa, ambaye naye yuko tayari kuulizwa maswali yaleyale.

Mgonjwa akikosa kadi na hakuna njia ya kutambua kipandikizi chake, daktari anaweza kuahirisha kipimo au kuchagua kingine, kama sitiskani au ultrasaundi. Kwa aliyesafiri kilomita nyingi na kulipa kwa taabu, kurudishwa ni jambo linalouma. Lakini kipimo kilichoahirishwa kinaweza kupangwa tena wiki ijayo, baada ya karatasi kupatikana.